Visa ya Kazi Ng'ambo: Mwongozo Kamili kwa Watu wa Mombasa

Visa ya kazi haizaliwi kwenye afisi ya ajenti, wala ubalozini Nairobi. Inaanzia kwa mwajiri, kule unakokwenda. Kabla ubalozi wowote haujakupa visa, kuna kampuni, hospitali, familia au mwenye meli aliyekwenda kwa serikali yake akaomba ruhusa ya kumleta mgeni. Ruhusa hiyo huacha alama: karatasi au rekodi yenye namba, jina la mwajiri na kazi yenyewe. Ukiipata alama hiyo mapema, unaweza kuihakiki ukiwa nyumbani Likoni au Kisauni, kabla hujatoa hata shilingi. Usipoipata, huna kazi bado, una maneno ya mtu.

Wengi wetu huanza kwa ajenti, tukamuuliza ni pesa ngapi na safari ni lini. Maswali hayo yana wakati wake. La kwanza ni hili: nani ananiajiri, na serikali yake imemruhusu?

Hatua ya kwanza: ijue karatasi ya mwajiri

*Saudia.* Kwa kazi za nyumbani, kafili, yaani mwajiri anayekudhamini, hupitia Musaned, mfumo wa serikali ya Saudia unaounganisha familia inayotafuta mfanyakazi, afisi ya uajiri ya kule ambayo dada zetu huiita maktabu, na ajenti wa Kenya. Mkataba huandikwa humo. Mwambie ajenti akuonyeshe mkataba wa Musaned wenye jina lako na jina la kafili. Fomu aliyoichapisha mwenyewe haitoshi.

Visa ikitoka, isome. Mombasa tuna nafasi ambayo wenzetu wa bara hawana: wengi tumepita madrasa, na asiyesoma hakosi jirani anayesoma. Tafuta aina ya visa. Ikiandikwa عمل, amal, hiyo ni ya kazi. Ikiandikwa زيارة, ziyara, ni ya matembezi, na ukifanya kazi kwa visa hiyo umevunja sheria yao. Kisha tafuta neno المهنة, al-mihna, yaani kazi uliyoombewa. Mama mmoja wa Kisauni alinionyesha visa ya binti yake aliyeahidiwa ukeshia kwenye supamaketi Jeddah. Mstari wa mihna ulisema عاملة منزلية, amila manziliyya: mfanyakazi wa nyumbani. Kazi ya nyumbani ni kazi ya heshima, na imejenga nyumba nyingi Pwani. Lakini ina kanuni zake, mshahara wake na maisha yake ndani ya nyumba ya mwenye mali, na binti huyu alikuwa amekubali jambo jingine kabisa. Alikataa kusafiri. Pasipoti yake alirudishiwa baada ya kuzungushwa sana, lakini alirudishiwa.

*Falme za Kiarabu.* Mwajiri huomba kibali kwa wizara ya kazi inayojulikana kama MOHRE, na wewe hupokea barua rasmi ya ofa kutoka mfumo huo uitie sahihi. Baadaye ndipo hutoka kibali cha kuingia nchini kwa ajira. Maneno ya hatari ni yale ya "ingia kwa visa ya matembezi, utabadilisha ukifika Dubai." Tangu 2024, mwajiri anayemfanyisha kazi mtu asiye na kibali anatozwa faini ya kuanzia dirham 100,000 hadi milioni 1. Mwajiri anayejiheshimu hatajiingiza kwenye hilo kwa sababu yako. Anayekubali huenda hana nia ya kukulipa, maana anajua huwezi kumshtaki.

*Qatar.* Kima cha chini cha mshahara tangu Machi 2021 ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asipotoa malazi na chakula huongeza 500 na 300. Kinahusu hata wafanyakazi wa nyumbani. Mkataba ulio chini ya hapo usiutie sahihi. Pia tangu 2020 mfanyakazi anaweza kuhama mwajiri bila idhini ya mwajiri wa kwanza, mradi atoe notisi.

*Uingereza.* Huku ndiko watu wanakoumizwa zaidi sasa, kwa sababu sheria zimebadilika haraka na matangazo ya mitaani hayakubadilika. Mwajiri lazima awe na leseni ya kudhamini wafanyakazi wa kigeni. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwa kila mtu kwenye tovuti ya serikali yao, gov.uk. Ipakue, utafute jina la mwajiri herufi kwa herufi. Jina likiwepo, bado hujamaliza: matapeli hupenda kuazima jina la kampuni halali, kwa hiyo tafuta barua pepe na simu kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, uwaandikie uulize kama ofa ni yao. Mwajiri akishakuchukua hukutolea cheti cha udhamini. Si karatasi ya mihuri na utepe, ni rekodi ya kielektroniki yenye namba ya kipekee, na namba hiyo ndiyo unayoijaza kwenye ombi la visa ndani ya miezi 3.

Sasa mabadiliko. Tarehe 22 Julai 2025 Uingereza ilifunga njia ya kuajiri wahudumu wapya wa matunzo kutoka nje. Ile kazi ya kutunza wazee, ambayo watu wameiuzia mashamba, haitolewi tena visa kwa mtu anayeomba akiwa Kenya. Anayekuuzia leo anakuuzia mlango uliofungwa. Siku hiyohiyo kazi nyingine zilipandishwa daraja: nyingi sasa zinahitaji kiwango cha digrii, na mshahara wa jumla unaotakiwa ni pauni 41,700 kwa mwaka. Kuanzia 8 Januari 2026 Kiingereza kinachodaiwa ni kiwango cha B2 kwenye ngazi za lugha za Ulaya, zinazoanzia A1 hadi C2. Wauguzi na madaktari wana visa yao ya afya yenye masharti mepesi kidogo, lakini Kenya iko kwenye orodha ya nchi ambazo waajiri wa Uingereza huajiri wauguzi kupitia makubaliano ya serikali kwa serikali tu, yaliyotiwa sahihi 2021. Muuguzi anayeitiwa Uingereza na ajenti wa pembeni aulize kwanza Wizara ya Afya. Kuna pia visa ya kazi za msimu mashambani, miezi 6, inayotolewa kupitia waendeshaji wachache wenye leseni ambao majina yao yamo gov.uk.

*Kanada.* Kwa kazi nyingi mwajiri lazima apate kwanza tathmini ya soko la ajira, inayojulikana kwa herufi zake LMIA. Yeye ndiye anayeilipia, dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi, na haruhusiwi kukudai wewe gharama hiyo. Wewe hulipa serikali ya Kanada dola 155 za kibali na 85 za alama za vidole. Ukiambiwa "changia LMIA", hapo pana wizi.

*Ujerumani.* Kenya na Ujerumani zilitia sahihi makubaliano ya uhamiaji wa kazi Septemba 2024, na papo hapo zikaenea habari kwamba Wakenya 250,000 wangepewa kazi. Serikali ya Ujerumani ilikanusha: makubaliano hayana idadi yoyote. Yanarahisisha njia, nayo njia ni ile ile ya ujuzi na lugha. Ukiwa na mkataba, mwajiri hukujazia fomu ya maelezo ya ajira unayoambatisha kwenye ombi. Ukiwa kijana wa fomu ya nne, angalia mafunzo ya ufundi yenye malipo, yanayoitwa Ausbildung, ambayo kwa kawaida hudai Kijerumani cha B1. Na tangu Juni 2024 kuna Chancenkarte, visa ya kwenda kutafuta kazi kwa mwaka mmoja, inayohesabu alama: unahitaji 6, pamoja na akiba ya kujikimu, na ukiwa kule unaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki. Nitasema wazi: vijana wa Diani na Mtwapa waliokua wakisikia Kijerumani hotelini na ufuoni wana mtaji mkubwa kuliko wanavyodhani. Pesa ya ajenti ipelekwe kwenye masomo ya lugha, italeta faida zaidi.

*Marekani* nitaipita haraka. Visa ya H-1B ya wataalamu, tangu agizo la rais la Septemba 2025, humdai mwajiri dola 100,000 kwa ombi jipya la mtu aliye nje ya nchi. Kwa watu wengi huku kwetu hiyo si njia.

Na nchi ambazo hujui hata ubalozi wake uko wapi? Vijana wa Kenya wameitwa Thailand kwa kazi za kompyuta na mauzo, wakavushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni. Wengine waliahidiwa kazi za kawaida Urusi, wakajikuta jeshini. Alama ni zile zile: hakuna mwajiri anayehakikika, visa ni ya matembezi, tiketi imekatwa haraka kuliko mkataba.

Hatua ya pili: mpime ajenti

Ajenti wa kazi za nje lazima asajiliwe na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA. Orodha ya waliosajiliwa iko kwenye neaims.go.ke. Usiridhike na cheti kilichotundikwa ukutani. Linganisha jina la kampuni na namba ya usajili na kile kilichoko kwenye tovuti, na uangalie kama muda umekwisha. Kuna ujanja mmoja wa kawaida mjini: mtu hana leseni, lakini "anafanya kazi chini ya" kampuni ya Nairobi yenye leseni. Pigia kampuni hiyo simu kwa namba iliyo kwenye orodha ya NEA, si kwa namba aliyokupa yeye, uulize kama wanamjua.

Jambo la pili ni pesa. Malipo yaende kwenye akaunti au namba ya malipo ya kampuni, na risiti iwe na jina la kampuni. Ukiambiwa utume kwa simu ya mtu binafsi, hata akiwa shangazi wa rafiki yako, simama hapo.

Hatua ya tatu: mkataba upite kwa afisa wa kazi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, nayo ndiyo kinga kubwa kuliko zote tulizo nazo kisheria. Sheria ya Ajira ya 2007, vifungu vya 83 hadi 86, inasema mkataba wa kazi ya nje lazima uandikwe kwa muundo uliowekwa, utiwe sahihi na pande zote, na uthibitishwe na afisa wa kazi. Afisa hathibitishi mpaka aridhike kwamba umekubali kwa hiari bila kulaghaiwa, kwamba umepimwa na uko na afya ya kufanya kazi hiyo, na kwamba hufungwi na mkataba mwingine. Mwajiri asiye na makao Kenya anatakiwa kuweka dhamana. Na anayemshawishi mtu kwenda nje kwa mkataba usiothibitishwa anafanya kosa la jinai.

Kwa hiyo mwambie ajenti: "Tuupeleke mkataba kwa afisa wa kazi." Tazama uso wake. Wakala wa kweli atakwambia tayari umepangwa kupelekwa, au atakupa siku. Mwingine ataanza kusema ndege inaondoka kesho.

Kabla ya kufika huko, usome mwenyewe, au usomewe kwa sauti kwa Kiswahili na mtu asiye na maslahi. Mshahara uwe kwa pesa za nchi ile na tarehe ya kulipwa iandikwe. Jina na anwani ya mwajiri ziwe kamili. "Mwajiri atatajwa baadaye" si mkataba. Saa za kazi na siku ya mapumziko ziwemo: Saudia, kwa kanuni za wafanyakazi wa nyumbani zilizoanza Oktoba 2024, kikomo ni saa 10 kwa siku na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Iandikwe nani analipa tiketi ya kurudi, na nini kinatokea ukiugua. Kisha angalia kifungu cha kuvunja mkataba. Ukiona kwamba ukiondoka mapema utalipa maelfu ya riyali au pauni, uliza kwa maandishi pesa hizo ni za nini.

Nani analipa nini

Kanuni ni rahisi: karatasi zinazokuhusu wewe kama mtu ni zako, karatasi za kumruhusu mwajiri ni zake. Pasipoti, cheti cha tabia njema na mtihani wa lugha, jitayarishe kulipa. Gharama za uajiri Falme za Kiarabu ni za mwajiri kwa sheria, na Saudia familia ndiyo inayolipia kuletewa mfanyakazi wa nyumbani. Uingereza, tozo anayolipa mwajiri kwa kumwajiri mgeni (Immigration Skills Charge) haiwezi kupitishwa kwa mfanyakazi, na tangu 31 Desemba 2024 mwajiri haruhusiwi pia kumdai ada ya leseni wala ya cheti cha udhamini. Ada ya ombi la visa ya Uingereza yaweza kuwa yako. Uliza mwajiri kama atakulipia, wengi hulipa.

Tafadhali usiuze kiwanja wala usichukue mkopo wa riba kubwa kwa ajili ya malipo usiyoweza kuyataja jina. Mtu anayedaiwa nyumbani hawezi kuondoka kwa kafili mbaya, na wapo wanaolijua hilo vizuri.

Kazi za melini

Mombasa ina mlango ambao miji mingine ya Kenya haina, na unastahili kuelezwa peke yake. Baharia halindwi na sheria za nchi moja tu. Analindwa na Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, MLC, ambao Kenya iliuridhia 2014. Mkataba huo unakataza kabisa baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Gharama zake ni tatu tu: cheti cha afya, kitabu cha ubaharia, na pasipoti au hati ya safari ya aina hiyo. Visa si yake, ni ya mwenye meli. Mtu anayekudai pesa za "nafasi ya meli ya kitalii" amekwisha kuvunja sheria, hata kama nafasi ipo kweli.

Mpangilio wake ni huu. Kwanza pata mafunzo ya msingi ya usalama ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama wa mtu na majukumu ya kijamii, na uelewa wa ulinzi wa meli. Bandari Maritime Academy iko hapahapa mjini. Halafu cheti cha afya, ambacho hakizidi miaka 2. Halafu hati za ubaharia kutoka Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, yenye makao yake Mombasa, ambayo ndiyo pia inayowapa leseni mawakala wa mabaharia. Waulize hao kama wakala wako yumo.

Mkataba wa ajira ya baharia utaje jina la meli, mwenye meli, cheo chako, mshahara, na haki ya kurudishwa nyumbani kwa gharama ya mwenye meli. Kikomo cha kazi ni saa 14 kwa siku na 72 kwa wiki. Meli inayogusa bandari za Marekani itakudai visa ya C1/D, ile ya mabaharia, na ubalozi utataka barua ya kampuni yenye jina la meli na tarehe ya kujiunga. Barua hiyo ndiyo alama ya mwajiri hapa. Waliotelekezwa na mwenye meli wana bima: tangu 2017 meli zilizo chini ya MLC hubeba cheti cha dhamana kinacholipa hadi miezi 4 ya mishahara iliyobaki pamoja na safari ya nyumbani. Cheti hicho hubandikwa melini mahali pa wazi. Kitafute siku ya kwanza unapopanda.

Hati zako

Hapa sina mengi. Pasipoti inaombwa eCitizen na alama za vidole unatoa afisi ya uhamiaji. Cheti cha tabia njema ni shilingi 1,050, unalipa eCitizen, na vidole unaweza kupigia Huduma Centre ya jengo la Posta, Digo Road. Kwa nchi za Ghuba kipimo cha afya kinapangwa kupitia Wafid, ile tuliyozoea kuiita GAMCA. Kwa Uingereza kipimo cha kifua kikuu hufanywa IOM Nairobi, kwa hiyo weka nauli ya gari moshi kwenye hesabu. Chanjo ya homa ya manjano ipigwe angalau siku 10 kabla ya safari. Majina kwenye kitambulisho, pasipoti na vyeti yafanane herufi kwa herufi. Mohamed na Muhammad ni watu wawili mbele ya karani wa visa.

Siku ya safari na majuma ya kwanza

Piga picha kila ukurasa wa pasipoti, visa, mkataba na risiti. Tuma nakala kwa mtu mmoja nyumbani unayemwamini, pamoja na jina na simu ya mwajiri, maktabu na ajenti. Kariri namba mbili za simu. Simu hunyang'anywa, kichwa hakinyang'anywi. Andika namba ya ubalozi wa Kenya wa nchi hiyo: Riyadh kwa Saudia, Doha kwa Qatar, Abu Dhabi kwa Falme za Kiarabu, ambako kuna pia konseli Dubai.

Saudia, kafili ana siku 90 kukutolea ikama, yaani kibali cha kuishi nchini. Iulizie mapema na kwa adabu, maana bila ikama hata hospitali ni shida. Pasipoti ni yako, na kuizuia ni kosa kwa sheria yao. Ukiona mambo ni mabaya, jitahidi kufika ubalozini au kulalamika rasmi kabla ya kutoroka, kwa sababu kafili akikuandikisha huroob, yaani mtoro, unakuwa wewe ndiye mkosaji. Maisha yakiwa hatarini, toka kwanza, karatasi zitafuata. Uingereza, mwajiri akipoteza leseni, wewe kwa kawaida unapewa siku 60 kutafuta mdhamini mwingine au kuondoka.

Mambo yakiharibika

Familia iliyobaki Mombasa ndiyo hufanya kazi kubwa hapa. Nenda NEA ukiwa na jina la ajenti, kwa kuwa leseni yake ndiyo kitu anachokiogopa kupoteza. Andikisha ripoti polisi na uchukue namba ya OB. Ukiona dalili za usafirishaji haramu wa watu, yaani mtu alidanganywa, amefungiwa au amenyang'anywa hati, sema hivyo waziwazi kwa DCI: Sheria ya 2010 ya kupambana na usafirishaji haramu ina adhabu ya miaka isiyopungua 30 jela au faini isiyopungua shilingi milioni 30, na kesi ya namna hiyo hushughulikiwa tofauti na deni la kawaida. HAKI Africa na MUHURI, mashirika ya haki za binadamu ya hapa Mombasa, yamezoea kupokea familia za namna hii. Kwa baharia, nenda kwa chama cha mabaharia au mkaguzi wa ITF, shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa uchukuzi.

Unapokwenda kokote kati ya hapo, beba nakala ya mkataba, visa, tiketi, ujumbe wote wa WhatsApp ukiwa umechapishwa pamoja na namba zilizoutuma, na taarifa ya M-Pesa ya miezi ambayo malipo yalifanyika. Andika pia mpangilio wa matukio kwa tarehe kwenye ukurasa mmoja. Afisa anayepewa ukurasa huo anaanza kazi siku hiyohiyo. Asiyepewa atakuambia urudi Jumatatu.